Kuruta Aliyekatazwa Kucheka

Blagota wa kijiji cha Suvi Do alikuwa na ugonjwa ambao nyumbani kwao hakuna aliyeuita ugonjwa. Akicheka, anaanguka. Kicheko cha adabu, kile cha kumwonyesha mgeni meno, alikimudu vizuri. Tatizo lilikuwa kicheko cha kweli, kinachotoka tumboni bila kuombwa. Kikimpata hicho, magoti yanalegea, kidevu kinaangukia kifuani, na Blagota anashuka chini taratibu kama gunia lililotobolewa. Anabaki pale pale, anasikia kila kitu, hawezi kuinua hata kidole. Kitambo kidogo anainuka, anajipangusa vumbi, anaendelea na shughuli zake.

Ulimwanza alipofikisha miaka kumi na sita, na watu walichelewa kugundua kwa sababu ukoo wao haukuwa na mazoea ya kucheka. Baba yake, mzee Milonja, alisemekana aliwahi kutabasamu siku jirani yake alipozama topeni na trekta jipya, lakini hata hilo lilikuwa na mashahidi wachache. Mama yake, Stanojka, alisema mtoto aliachishwa ziwa mapema. Baba yake mkubwa, Vidak, aliyepigana msituni wakati wa vita na hakuacha kusimulia tangu siku vita vilipokwisha, alisema ni damu nzito. Tena Blagota alikuwa anasinzia mchana: ameegemea reki, ameshika kijiko, yuko katikati ya kusema neno. Hilo hakuna aliyelitilia maanani kabisa. Kwetu milimani Montenegro, mwanamume akisinzia mchana haitwi daktari. Anasogezewa mto.

Tabu ilikuja na jeshi. Miaka hiyo ya sabini kila kijana alikwenda kutumikia, na aliyerudishwa na madaktari alionekana bidhaa mbovu. Ukienda kuposa, baba wa msichana haulizi una kondoo wangapi. Anauliza, "Ulitumikia wapi?" Na Blagota alikuwa anataka sana kwenda kuposa. Alimpenda Rosanda, binti wa mzee Joksim wa bonde la pili, msichana mwenye ulimi wa kuigiza kila mtu. Siku moja ya kukata majani, Rosanda aliigiza namna shangazi yake anavyomfukuza kuku huku akiomba dua, na Blagota akaanguka miguuni pake kwenye majani, chali, bila kauli. Rosanda alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona haya, akakimbia. Toka siku hiyo aliamini kuna kijana Suvi Do anayezimia kwa uzuri wake. Ikatokea tena kisimani, ikatokea tena kwenye arusi ya binamu. Blagota hakumsahihisha. Wewe ungemsahihisha?

Ilipokaribia siku ya kupimwa, baba mkubwa Vidak akamwita uani.

"Sikiliza, mwanangu. Wale madaktari watakugusagusa. Watakutekenya. Ukicheka tu, umekwisha."

"Sasa nifanye nini, baba mkubwa?"

"Fikiria msiba."

"Msiba upi? Hakuna aliyekufa karibuni."

Vidak akawaza. "Ng'ombe. Yule mwenye madoa, aliyeanguka korongoni."

Blagota akainamisha kichwa. Yule ng'ombe alimpenda kweli.

Huko mjini Nikšić vijana walipangwa mstari, wamebaki na chupi tu, sakafu ya baridi, mbele yao madaktari watatu. Mbele ya Blagota alisimama jitu moja la kutoka machungani. Daktari alipomwambia afungue mdomo aseme "aaa", lile jitu likavuta pumzi na kuita kama linavyoita kondoo toka mlima wa pili, mpaka miwani ya daktari ikahama puani. Mstari mzima ukapasuka kwa kicheko. Blagota akafumba macho, akamwita ng'ombe. Akamwona korongoni, miguu juu. Machozi yakamtiririka, lakini magoti yakasimama imara.

"Wewe unalia nini?" daktari akamuuliza.

"Namkumbuka ng'ombe, ndugu daktari."

Daktari akamgonga goti kwa kinyundo, akamkuna nyayo kwa ufunguo, akamtazama tena. "Anapenda mifugo," akamwambia mwenzake. "Anafaa. Mwingine!"

Nyumbani wakafanya sherehe ya kumsindikiza, maana bila sherehe ni kama hujaitwa. Mwanakondoo akabanikwa, nyama ya moshi ikakatwa, rakija, pombe kali ya matunda, ikamiminwa kwenye glasi, na wanaume wakaja na bunduki zao za kufyatulia hewani. Mzee Joksim naye alikuja na Rosanda, akakaa meza ya mbele, uso umekunjamana kama wa hakimu.

Vidak akasimama kuhutubia. Wakati ule alikuwa na meno mapya ya bandia, yaliyotengenezwa na fundi wa mjini aliyemkadiria kinywa kikubwa kidogo.

"Ndugu zangu!" akanguruma. "Ukoo huu haujapata kutoa mtu wa kurudi nyuma! Haujatoa, wala hautato..."

Meno yakatoka. Yakaruka juu ya jibini, yakatua ndani ya glasi ya mzee Joksim. Joksim akaitazama glasi. Akachukua uma, akayavua, akayakung'uta, akayafuta kwa leso, akayapitisha juu ya meza.

"Vidak," akasema kwa heshima kubwa, "umesahau kitu."

Blagota hakupata hata nafasi ya kumtafuta ng'ombe. Akashuka na kiti chake mpaka chini ya meza.

Mama akapiga ukelele. Wageni wakasimama. Hapo ndipo Vidak alipoonyesha kwamba kweli aliwahi kuongoza watu vitani. Akainua mkono na kupaza sauti bila meno: "Mshamehe kijana! Ameshidiwa na mapenshi ya nchi!"

Bunduki zote zikafyatuliwa kwa pamoja. Wanawake wakalia. Hata Joksim aliitikia kwa kichwa na kumwambia binti yake, "Huyu ana moyo." Chini ya meza Blagota alikuwa anasikia yote hayo, na kila alichosikia kilimlegeza zaidi.

Kambi waliyompeleka ilikuwa mbali kaskazini, kwenye nchi tambarare isiyo na kilima cha kupumzishia jicho. Kitanda cha jirani alilala Mbosnia mmoja, Hajrudin, ambaye wote walimwita Hajro, mfupi, masikio makubwa, mdomo hauna breki. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Blagota, kulala karibu na Hajro kulikuwa sawa na mtu mwenye kifafa kupangiwa chumba juu ya mnara.

Siku za mwanzo Blagota alimkwepa. Lakini walipangwa pamoja kumenya viazi, na mbele ya lundo la viazi humkwepi mtu.

"We Mmontenegro," Hajro akaanza, "ni kweli kwenu mtu akiamka anapumzika kwanza?"

"Ni kweli," Blagota akajibu, anamenya.

"Mimi mjomba wangu alinunua baiskeli. Kupanda alijifunza. Kwenda alijifunza. Kushuka hakujifunza."

Blagota akakaza meno.

"Basi ikawa akifika sokoni anazunguka tu. Raundi ya kwanza anauliza bei ya nyama. Raundi ya pili anapatana. Raundi ya tatu anapokea mfuko. Nyumbani mkewe anakimbia kandokando na bakuli, anamlisha supu kwa kijiko."

Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, Blagota akajisemea.

Kuruta mwingine akauliza, "Na usiku je?"

"Usiku," Hajro akasema kwa huzuni, "wanamwachia taa."

Blagota akalala kifudifudi juu ya viazi.

Ikawa kwamba wakati ule ule anapita Sajini Meja Uzelac, mtu wa shingo fupi aliyeamini kwamba dunia nzima inategea kazi na yeye peke yake ndiye aliyetumwa kuizuia.

"Huyu amelala?" akabweka.

"Hapana, afande," Hajro akasema. "Ameanguka."

"Ameanguka juu ya viazi kwa raha namna hii? Kuruta, simama!"

Blagota alimsikia vizuri sana. Alitaka kusimama kuliko kitu chochote. Lakini mwili haukusikia amri ya mtu. Uzelac alipiga kelele mpaka rangi ikambadilika, na rangi ile ilikuwa kichekesho kingine, na Blagota akachelewa zaidi kupona. Siku hiyo alizungushwa uwanja wa kwata mpaka soli zikalia.

Baadaye Hajro akamjia, masikio yameinama. "Sema kweli, ndugu yangu. Wewe unategea au unaumwa?"

Blagota akamweleza. Hajro akamsikiliza, kwa mara ya kwanza bila kukatiza. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi naweza kukuua kwa mdomo."

"Huwezi kuniua. Unaniangusha tu."

"Maisha yangu yote nimetafuta msikilizaji kama wewe," Hajro akasema, "na nimempata jeshini, na siruhusiwi kumtumia."

Toka hapo akawa mlinzi wake. Mtu akianza mzaha karibu na Blagota, Hajro anaingilia kwa habari za mafuriko na bei ya mbolea. Alipoishiwa habari mbaya za kweli, akatunga. Blagota akaweza kukaa wiki kadhaa akiwa wima.

Ikaja siku ya kula kiapo. Familia zilifika kutoka pembe zote za Yugoslavia, na vikapu vya chakula. Milonja na Stanojka walikuja na jibini na mwanakondoo wa kubanika, baba mkubwa Vidak akaja na medali zake zote, na Rosanda akaja "kama jirani tu". Joksim alimruhusu kwa sharti kwamba Vidak asimwondolee macho. Bendi ikapiga, makuruta wakajipanga, na jenerali mmoja mwenye sharubu nyeupe akaanza kupita mbele ya mstari, anamuuliza kila kijana jina na kwao.

Stanojka akageuka kumwambia Vidak kitu. Vidak hakuwepo.

Jenerali akafika kwa Blagota. Blagota akataja jina lake na kijiji chake kwa sauti safi. Jenerali akaridhika, akataka kupita, kisha akasimama. Nyuma ya kuruta huyu, katika mstari wa pili, kulikuwa na mzee wa miaka sabini mwenye kofia ya manyoya, amesimama wima kama mlingoti.

"Babu," jenerali akasema, "wewe ni wa kombania gani?"

"Ya huyu wa mbele, ndugu jenerali!"

"Unafanya nini hapo?"

"Nimemshika mkanda, ndugu jenerali!"

Jenerali akachungulia. Ni kweli, mkono wa mzee ulikuwa umekamata mkanda wa kijana kwa nyuma.

"Kwa nini umemshika mkanda?"

"Akicheka, anaanguka."

Sharubu za jenerali zikatikisika kidogo. "Na sasa anacheka?"

"Bado," Vidak akasema. "Ila wewe ukiendelea kuuliza hivi, mimi siwajibiki."

Mahali fulani kushoto Hajro akatoa sauti ya birika linalochemka. Sauti ile ikapita kwenye mstari, mtu kwa mtu, mabega yakaanza kuruka. Blagota akamkimbilia ng'ombe wake. Akafumba macho, akamtafuta korongoni, hayupo. Akamkuta sokoni. Yuko juu ya baiskeli, anazunguka, ana mfuko wa nyama kwenye pembe.

Akaenda chini. Vidak, aliyeapa kutoachia mkanda, hakuuachia, akaenda naye. Kofia ya manyoya ikabingirika mpaka kwenye viatu vya jenerali.

"Nilikwambia," Vidak akatoa taarifa kutoka ardhini.

Jenerali akacheka mpaka akashika bega la kanali wake, na jenerali akicheka, kambi nzima ina ruhusa. Bendi ikadhani ni ishara ya kuanza, ikaanza. Makuruta wakasoma kiapo huku machozi yanawatoka, na Blagota, aliyekuwa anapata nguvu polepole, aliwahi maneno ya mwisho akiwa bado amelala kifuani kwa baba yake mkubwa. Maofisa walibishana baadaye kama kiapo cha kulala ni halali. Kanuni zilitafutwa, hazikusema lolote.

Wakampeleka kwenye zahanati ya kambi. Daktari alikuwa Mslovenia, Meja Meglič, mwembamba, mpole, asiyejua mzaha hata ukimwekea mbele kwenye sahani. Alimuuliza Blagota maswali mengi: anaanguka lini, anasinzia wakati gani, anasikia akiwa chini? Familia ikasimama mlangoni. Halafu daktari akasema kwamba huu ni ugonjwa unaojulikana, ni wa kudumu, unaanzia kwenye ubongo unaoshindwa kupanga usingizi na kuamka, na wala si uvivu wala damu nzito.

Stanojka akalia. Milonja akavua kofia. Rosanda akauliza kwa ukali, "Ina maana anaanguka kwa ugonjwa?"

"Ndiyo, binti."

"Hata kwenye majani? Hata kisimani?"

Blagota akatazama ukuta.

"Miaka miwili!" Rosanda akamgeukia. "Miaka miwili nakuonea huruma. Nilikuwa napita barabara nyingine nisikuzimishe! Kumbe we ni mgonjwa tu!"

"Rosanda, mimi..."

"Nyamaza! Nimewaambia wasichana wote!"

Meja Meglič, ambaye alipenda mambo yawe sahihi, akainua kidole. "Samahani. Kicheko cha kawaida hakimwangushi mgonjwa. Ni lazima furaha iwe ya kweli, ya moyoni. Nimemuuliza. Kwa watu wengi anatabasamu tu."

Rosanda akamtazama daktari, akamtazama Blagota. Akatengeneza kitambaa chake kichwani.

"Basi ungesema hivyo mapema," akasema, na kwenda kumkatia kipande cha mwanakondoo.

Hospitali kubwa ya jeshi ikataka kumwona kwa macho yake. Blagota akalazwa kwenye shuka nyeupe, madaktari wakamzunguka, tayari kushuhudia. Kilichobaki ni mtu wa kumchekesha. Meja Meglič, aliyesafiri naye, akajitolea.

"Kulikuwa na mtu," akasema. "Alikuwa na baiskeli. Alishindwa kushuka." Akatafakari. "Jambo hilo ni la hatari kwa uti wa mgongo."

Blagota akasinzia.

Wakajaribu wengine. Profesa mmoja alisimulia mzaha wa Kilatini. Mpishi aliletwa, naye akaona haya. Hatimaye ikapigwa simu kambini, na Sajini Meja Uzelac akapokea amri rasmi ya kumtuma kuruta Hajrudin hospitalini, kwa haraka, kama kifaa. Hajro alifika na gari la jeshi peke yake, amechana nywele.

"Nina ruhusa?" akauliza. "Kamili?"

"Kamili," akasema profesa.

Hajro alikuwa amejizuia kwa muda mrefu. Alifungua yote: mjomba na baiskeli, shemeji aliyeoa mara mbili kwa kusahau, Uzelac anavyonyoa ndevu. Blagota alilegea mwanzoni tu mwa habari ya shemeji, lakini hakuna aliyemzuia Hajro kuendelea, kwa sababu profesa alikuwa ameketi sakafuni akijipangusa macho, na mwanafunzi wa udaktari aliyeshika kinyundo hakuweza kuona hilo goti liko wapi.

Uamuzi ukatoka: hafai kubeba silaha, hafai kuendesha gari, hafai kupanda popote. Arudishwe nyumbani.

Blagota akamfuata Meja Meglič ukumbini. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini aliomba. "Ndugu daktari, ukinirudisha sasa, kwetu nimekwisha. Nipe kazi yoyote. Nitalinda nguruwe."

"Nguruwe wanachekesha," daktari akasema kwa uzito. "Hasa wadogo." Akazunguka ukumbi huku anawaza. Alitaka kumtafutia mahali ambapo, kwa maarifa yote ya kitabibu, kicheko hakiwezi kutokea. Ghafla akasimama.

Kambini kulikuwa na Kapteni Trajkov, Mmakedonia, mwalimu wa siasa na uchumi. Alifundisha kila asubuhi, kwa sauti ya aina moja, habari za ujamaa wa viwandani na ongezeko la uzalishaji wa saruji. Katika historia ya kambi hakuna mtu aliyewahi kucheka kwenye somo lake. Hajro mwenyewe alishawahi kujaribu, akashindwa. Alikiri kwamba hapakuwa na hewa ya kutosha. Blagota akapewa kazi ya kumfungulia kapteni michoro ubaoni, na pale alitumikia muda wake wote uliobaki, salama kabisa. Ni kweli mara nyingi alisinzia akiwa ameshika mchoro. Lakini darasa zima lilikuwa limesinzia, na kapteni, aliyekuwa anatazama dirishani kwa hisia, alimwona kuwa msaidizi mtulivu kuliko wote aliopata. Siku ya kuagana alimbusu mashavu yote mawili na kumpa kitabu kinene kuhusu saruji.

Blagota akarudi Suvi Do na mkanda wake wa jeshi. Akaenda kwa mzee Joksim. Alikwisha kuamua kusema kweli, hata ikimgharimu.

"Ulitumikia wapi?" Joksim akauliza.

"Elimu ya siasa, mzee. Nilikuwa nashika michoro. Sikupewa bunduki. Ni mgonjwa, nikicheka naanguka, na haitapona."

Joksim akakunja uso. Ndani, nyuma ya mlango, Rosanda alikuwa amebana pumzi.

"Kwa hiyo siku ile ya meno," mzee akasema, "hukuzidiwa na mapenzi ya nchi."

"Hapana, mzee. Nilizidiwa na wewe ulivyoyafuta kwa leso."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Joksim kwamba anachekesha. Alivuta kiti karibu. Alijaribu kuendelea kukunja uso, lakini ndevu zikamsaliti, na kidogo kidogo akasimulia namna yale meno yalivyokuwa yanamtazama ndani ya glasi. Blagota akaanguka kwenye zulia. Joksim akainuka, akamsimamia juu, akamwita binti yake.

"Rosanda! Njoo uone! Nimemwangusha mimi!"

Wakaoana majira ya vuli. Blagota akapata kazi ya kutengeneza barabara, upande wa makoleo, mbali na mashine. Rosanda akajifunza kusema "Kaa kwanza" kabla ya kusimulia kitu, na majirani nao wakazoea. Hata posta walimwekea kiti. Siku Rosanda alipojifungua, mkunga alitoka nje ya chumba, akamwona Blagota amesimama barazani, akamwonyesha benchi.

"Kaa, bwana."

Blagota akakaa.

"Ni msichana. Mzima kabisa."

Blagota akalala ubavu kwenye benchi, mikono inaning'inia. Mkunga akamwekea kofia chini ya kichwa na kurudi ndani. Muda si mrefu akatoka tena, jasho linamtoka.

"Usiamke," akamwambia. "Kuna mwingine."